Barkley na donge la Sh2.6 bilioni kwa mwaka: Je, Eagles wamelipa miguu au wamelipa kumbukumbu?

Hebu jiweke kwenye viatu vya mwenye klabu. Una mchezaji mmoja ambaye mashabiki wanamwabudu. Jezi yake ndiyo inauzwa kuliko zote. Watoto wanaiga anavyokimbia. Lakini wataalamu wako wa hesabu wanakunong'onezea kwamba miguu yake imeshachakaa, na kwamba kuna kijana wa miaka 22 anayeweza kufanya kazi hiyohiyo kwa pesa kidogo sana. Utamlipa au utamwachilia?

Mwaka 2024 John Mara, mmiliki mwenza wa New York Giants, alijipata katika hali hiyo. Kamera za kipindi cha Hard Knocks zilimnasa akimwambia meneja wake mkuu, Joe Schoen, kwamba atapata taabu kulala iwapo Saquon Barkley atahamia Philadelphia. Barkley akahamia huko huko Philadelphia. Usingizi wa Mara ulikuwaje baada ya hapo, wewe nadhani unaweza kukisia.

Mapema Machi 2025, Philadelphia Eagles walimwongezea Barkley mkataba wa miaka miwili wa dola milioni 41.2. Ukigawa, ni dola milioni 20.6 kwa mwaka, yaani zaidi ya Sh2.6 bilioni za Kenya. Kabla ya hapo hakuna mkimbiaji mwingine katika historia ya ligi ya NFL aliyekuwa amefikisha wastani wa dola milioni 20 kwa mwaka. Watu wengi wamepiga makofi. Wengine wametikisa kichwa na kusema haya ni makosa yaleyale ya zamani yakivalishwa suti mpya.

Mimi nimekaa nikapima pande zote mbili. Twende pamoja polepole, hata kama huu mchezo wa Wamarekani huufuatilii sana.

Kazi ya mkimbiaji ni ipi?

Kwanza, sahau soka ya Gor na AFC. Hapa mpira ni wa umbo la yai na unabebwa mkononi. Kwotabeki ndiye bosi uwanjani, anaamua mpira urushwe au akabidhiwe mtu. Mtu huyo anayekabidhiwa ndiye mkimbiaji. Kazi yake ni kuupenya ukuta wa majitu yenye uzani wa kilo 130 na zaidi, apate yadi tatu, nne, tano, kisha aangushwe chini, ainuke, arudie tena. Mara 20 kwa mechi. Wiki baada ya wiki.

Kama umewahi kutazama raga pale RFUEA, mfikirie mchezaji anayeubeba mpira na kuingia kifua mbele kila mara, bila kupumzishwa. Mwili gani utavumilia hayo kwa miaka kumi? Mkenya Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga akaenda kuchezea Indianapolis Colts mwaka 2013, aliwekwa upande wa kuangusha watu. Mkimbiaji yuko upande wa kuangushwa.

Sasa ingiza hesabu ya pesa. NFL ina kikomo cha mishahara. Msimu wa 2025 kikomo hicho kilikuwa dola milioni 279.2 kwa kila klabu. Ni kama bajeti ya nyumba: ukinunua sofa ya bei ghali, utakula sukuma bila nyama. Kwa hivyo kila dola anayopewa mkimbiaji ni dola ambayo beki au mshika mpira hataiona.

Kwa nini maboss wanaogopa

Usidhani ni uchoyo tu. Wameungua mara nyingi.

Mwaka 2018, Los Angeles Rams walimpa Todd Gurley nyongeza ya miaka minne yenye thamani ya dola milioni 57.5. Goti likaanza kumsumbua, na kufikia Machi 2020 walikuwa wamemwachilia. Mwaka 2019, Dallas Cowboys wakampa Ezekiel Elliott nyongeza ya miaka sita, dola milioni 90. Kila mwaka kasi yake ikawa inapungua, na Machi 2023 naye akaonyeshwa mlango.

Christian McCaffrey ndiye aliyekuwa akilipwa kuliko wakimbiaji wote kabla ya Barkley. San Francisco 49ers walimwongezea miaka miwili ya dola milioni 38 mnamo Juni 2024. Msimu uliofuata alicheza mechi nne pekee kwa sababu ya majeraha.

Upande wa pili, mtazame Isiah Pacheco aliyechezea Kansas City Chiefs. Alichaguliwa katika raundi ya saba, ya mwisho kabisa, mwaka 2022. Wastani wa mkataba wake huo haukufika hata dola milioni moja kwa mwaka. Huyu kijana wa bei ya chini alikuwa mkimbiaji mkuu wa timu iliyobeba Super Bowl mara mbili mfululizo. Sasa boss akiona hivyo, atakuambia nini? Atakuambia, "Kwa nini ninunue nyumba nzima na mimi nataka chumba kimoja?"

Hoja hiyo ina uzito, na mimi siidharau.

Lakini kuna jambo halisemwi kwa sauti

Angalia mfumo wenyewe unavyofanya kazi. Kijana akitoka chuoni na kuchaguliwa, mshahara wake wa miaka minne ya kwanza huwa umeshapangwa kulingana na nafasi aliyochaguliwa. Hawezi kuujadili kwa kitu cha maana, hata akiwa nyota wa dunia. Akiwa wa raundi ya kwanza, klabu ina haki ya kumzuia mwaka wa tano. Baada ya hapo klabu inaweza kumbandika lebo maalum inayomfunga mwaka mwingine mmoja kwa bei iliyopangwa, atake asitake.

Piga hesabu. Kijana anaingia akiwa na miaka 21. Kufikia siku anayoweza kweli kukaa mezani na kusema "nilipeni ninachostahili", ana miaka 26 au 27. Na kwa mkimbiaji, miaka hiyo ndiyo maboss wanaanza kusema, "Pole sana kijana, umezeeka."

Umeona mtego? Wanakutumia ukiwa na nguvu kwa bei waliyopanga wao. Nguvu zikianza kupungua, wanakuambia soko ndilo linaamua. Ni kama muwa pale stendi: ukishanyonywa utamu, makapi yanatupwa chini. Mchumia juani hulia kivulini, wahenga walisema, lakini hapa mchumaji akifika kivulini anakuta kiti kimeshakaliwa.

Le'Veon Bell wa Pittsburgh Steelers alijaribu kugoma. Mwaka 2018 alikataa lebo ya zaidi ya dola milioni 14 akakaa nje msimu mzima. James Conner akachukua nafasi yake na maisha yakaendelea. Bell alipata mkataba New York Jets mwaka uliofuata, lakini hakuwahi kurudi kuwa Bell yule wa zamani, na Oktoba 2020 Jets wakamwachilia. Julai 2023, wakimbiaji kadhaa wakubwa walikutana kwa simu ya video kujadili mishahara yao. Walitoka mikono mitupu, manake makubaliano kati ya ligi na chama cha wachezaji yanadumu hadi msimu wa 2030.

Barkley alivyopitia tanuri hilo

Giants walimchagua Barkley akiwa wa pili kwa jumla mwaka 2018, kutoka chuo cha Penn State. Msimu wake wa kwanza ulikuwa wa moto: yadi 2,028 ukijumlisha kukimbia na kudaka, na tuzo ya chipukizi bora wa mashambulizi. Mwaka 2020, mechi ya pili tu, kano ya goti ikakatika. Watu wakaanza kumwandikia tanzia ya kispoti.

Mwaka 2022 akarejea na yadi 1,312 za kukimbia, na Giants wakafika mchujo na hata kushinda mechi moja. Wakati wa malipo ukafika. Machi 7, 2023, Giants walifanya mambo mawili siku moja. Walimpa kwotabeki Daniel Jones mkataba wa miaka minne wa dola milioni 160. Barkley wakambandika lebo ya dola milioni 10.09.

Mazungumzo ya mkataba mrefu yakagonga mwamba Julai. Barkley akarudi kucheza mwaka mmoja kwa lebo iliyoongezewa marupurupu kidogo. Msimu huo wa 2023 alipata yadi 962, wastani wa yadi 3.9 kila alipobeba mpira. Giants wakaona hapo ndipo mwisho wa mkimbiaji. Machi 2024 hawakumwekea lebo tena, na Eagles, majirani na mahasimu wao wakubwa, wakaingia na miaka mitatu ya dola milioni 37.75.

Kilichofuata unakijua, na kama hukijui, kaa vizuri. Yadi 2,005 katika mechi 16, wastani wa 5.8. Mtu wa tisa pekee katika historia kufikisha 2,000 kwa msimu. Oktoba alirudi nyumbani kwa Giants akawakimbilia yadi 176, kisha akapumzishwa robo ya mwisho kwa sababu mechi ilikuwa imeshaisha. Novemba aliruka kinyumenyume juu ya beki wa Jacksonville Jaguars, na hadi leo watu wanairudia ile video. Ukijumlisha mchujo, alifikisha yadi 2,504, akaivunja rekodi ya Terrell Davis ya 1998. Februari 9, siku aliyotimiza miaka 28, akabeba Super Bowl, Eagles wakiwalaza Chiefs 40-22.

Giants je? Ushindi mara tatu, vichapo 14. Daniel Jones, yule wa milioni 160, walimwachilia Novemba kabla msimu haujaisha.

Je, Giants walikosea?

Hapa ndipo nitatofautiana na mashabiki wengi. Rahisi sana kusema, "Si mnaona! Mngelipa tu!" Lakini jiulize: Barkley angebaki New York, angekimbia yadi 2,000?

Sidhani. Wastani wa 3.9 na ule wa 5.8 ni wa mtu yuleyule, mwaka mmoja tu katikati. Goti halikuota upya. Kilichobadilika ni watu waliomzunguka. Philadelphia alikuta ukuta wa wazuiaji kama Jordan Mailata, Landon Dickerson na Lane Johnson, wakifunzwa na kocha Jeff Stoutland ambaye anaheshimika mno kwa kazi hiyo. Alikuta kwotabeki Jalen Hurts anayeweza kukimbia mwenyewe, hivyo mabeki wakawa hawajui wamfuate nani. Alikuta A.J. Brown na DeVonta Smith pembeni, watu ambao huwezi kuwaacha bila ulinzi.

Mkimbiaji ni kama dereva wa matatu. Anaweza kuwa fundi wa kukwepa foleni kuliko wote jijini, lakini ukimpa gari la injini mbovu na tairi vipara, utamwona wa kawaida tu.

Kosa la Giants, kwa maoni yangu, halikuwa kukataa kumlipa mkimbiaji. Kosa lao lilikuwa kusema hawana pesa za mkimbiaji siku ileile waliyomimina milioni 160 kwa kwotabeki ambaye hakuwa amethibitisha lolote la kudumu. Hawakuwa wakibana matumizi, walichagua vibaya nani wa kulipa.

Na Eagles je, wamefanya la busara?

Hili ndilo swali gumu zaidi, na ndilo la leo.

Hofu ya kwanza ni mwili. Ukijumlisha mchujo, Barkley alibeba mpira mara 436 msimu wa 2024, bila kuhesabu mipira aliyodaka. Historia haina huruma na mizigo ya namna hiyo. Terrell Davis, yuleyule aliyevunjiwa rekodi, aliumia goti katika mechi ya nne ya msimu uliofuata. Alicheza mechi 17 tu katika misimu mitatu, kisha akastaafu. DeMarco Murray alibeba mpira mara 392 akiwa Dallas mwaka 2014 na kupata yadi 1,845. Nani alimchukua mwaka uliofuata kwa pesa nzito? Hawa hawa Eagles! Alipata yadi 702, na baada ya msimu mmoja wakamuuza Tennessee. Kwa hivyo Philadelphia hawawezi kujifanya hawajui hadithi hii.

Lakini kuna mambo matatu yanayonifanya niegemee upande wa kulipa.

La kwanza, bei si ya ajabu kama kichwa cha habari kinavyosema. Dola milioni 20.6 ni kama asilimia saba ya kikomo cha mishahara cha 2025. Wakati huo Hurts alikuwa na wastani wa milioni 51. Brown milioni 32. Smith milioni 25. Hata Mailata, yule mzuiaji ambaye watoto hawanunui jezi yake, alikuwa na wastani wa milioni 22. Yaani mkimbiaji aliyekuwa akilipwa zaidi duniani mwaka 2025 alikuwa nyuma ya hao wote wanne. Eagles walijenga nyumba kwanza, halafu ndipo wakanunua sofa.

La pili, mkataba ni mfupi. Cowboys walimfunga Elliott kwa nyongeza ya miaka sita. Eagles wameongeza miwili tu, hadi 2028. Na katika NFL, pesa zinazotangazwa na pesa zenye hakika ni vitu viwili tofauti. Klabu inaweza kukukata wakati wowote na ile sehemu isiyo na hakika ikapotelea hewani. Barkley amepata dola milioni 36 za hakika. Hiyo ndiyo namba ya kutazama, kwa mchezaji na kwa klabu. Barkley analindwa akiumia, nayo klabu inajua deni lake linaishia wapi.

La tatu ndilo lililonigusa. Kabla ya mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida, Barkley alihitaji yadi 101 kuvunja rekodi ya Eric Dickerson ya yadi 2,105 iliyowekwa mwaka 1984. Na wapinzani walikuwa nani? Giants! Filamu yenyewe haingeandikwa vizuri zaidi ya hapo. Eagles wakampumzisha. Nafasi yao kwenye mchujo ilikuwa imeshajulikana, na kocha Nick Sirianni hakutaka kuuhatarisha mwili huo kwa ajili ya rekodi. Klabu inayompumzisha mkimbiaji mbele ya rekodi ya miaka 40 inaonyesha kwamba inamwona mtu, si muwa.

Bila shaka mtu atasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Inawezekana. Inawezekana pia yadi zipungue baada ya msimu kama huo, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikisha 2,000 misimu miwili. Zikipungua hadi 1,200 na timu bado inashinda, je, mkataba utakuwa umekuwa hasara? Kwangu mimi, hapana. Eagles hawakununua rekodi nyingine. Wamenunua hofu ambayo mabeki wa upinzani watakuwa nayo kila Jumapili.

Somo kwa mwenye klabu, na kwa mchezaji

Ukiniuliza kama timu inafaa kulipa kumhifadhi mkimbiaji nyota, jibu langu ni ndiyo yenye masharti. Lipa kama ukuta wako wa mbele uko imara na kwotabeki yupo. Lipa kwa miaka michache na kwa pesa za hakika. Usilipe kwa sababu ya jezi zinazouzwa, na usilipe ukitarajia mtu mmoja aiokoe timu iliyooza. Kama nyumba haina paa, mwachilie kijana aende anakoweza kung'aa, lakini fanya hivyo mapema na kwa heshima, si baada ya kumfunga lebo na kumkamua mwaka wa mwisho.

Derrick Henry aliachwa na Tennessee Titans mwaka 2024 akionekana amezeeka. Baltimore Ravens wakampa miaka miwili ya dola milioni 16, na akiwa na miaka 30 akawakimbilia yadi 1,921. Kwa hiyo hata hili suala la umri si sheria ya Musa. Timu sahihi inaweza kumrudishia mtu miaka.

Na wewe kijana unayesoma hii kwenye simu, labda uko kazini ambako unaambiwa "vumilia kwanza, pesa zitakuja," hesabu ya Barkley inakuhusu kuliko unavyodhani. Yeye tangu 2018 alikuwa na mamilioni, hilo tusifiche. Lakini hata mtu wa mamilioni aliambiwa thamani yake imekwisha, na waliomwambia hivyo walikuwa wakiangalia injini mbovu huku wakimlaumu dereva. Kabla hujakubali bei unayopewa, uliza kwanza kama tatizo ni wewe au ni gari.

Kwangu, Eagles wamelipa kwa busara, na dau lenyewe bado ni dau. Wewe je, ungekuwa na kalamu mkononi, ungetia sahihi?